Duka Lililofundishwa Adabu

Kwenye foleni ya mkate nilisikia maneno ambayo hayakunitoka kichwani tena. Bi Moluk, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa mbele yangu na mwavuli wake. Akageuka, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka kwa mwokaji.

"Tuba, umesikia ya mji wa Lahijan? Kuna mtu duka lake limekombwa lote. Kufuli zima, mlango mzima. Na wezi wenyewe, dada yangu, kila mmoja alisema asante kabla ya kuondoka."

"Wezi gani wanaosema asante?"

"Wa mtandaoni. Duka lilikuwa la mtandaoni."

Nilifika nyumbani mkate umelowa mvua na moyo umelowa zaidi. Maana wakati huo huo, sebuleni kwangu, mwanangu Ardavan alikuwa anajenga duka la namna hiyo hiyo kwa ajili ya baba yake.

Mama mwenzangu, kama na wewe una kijana anayejengea watu tovuti, sogea karibu usome. Sikusomea mambo ya kompyuta, lakini kuogopa sihitaji kusomea.

Kazi ya Ardavan iko hivi. Haandiki tovuti kuanzia herufi ya kwanza. Ana mfumo ambao tayari umeshasukwa. Yeye anachagua sura, anapanga kurasa, anatia picha na bidhaa, kisha anabandika viongezo. Kiongezo ni kipande cha programu kinachoipa tovuti kazi mpya: hiki cha kupokea malipo, hiki cha kupokea maoni, hiki cha kuandika "karibu tena". Sifa kubwa ya mfumo huo, aliniambia akiwa amejaa fahari kama aliyeuzaa yeye, ni kwamba unapinda. Chochote mtu atakachotaka, unakubali.

Hapo hapo nikaingiwa na baridi. Mtu asiyejua kusema hapana humwozeshi binti yako. Mfumo wa namna hiyo ndio nusu ya soko la mji wetu wa Rasht wameukabidhi maduka yao.

Na walivyoutumia! Muuza samaki alitaka samaki waogelee kwenye ukurasa. Mfumo ukakubali, samaki wakaogelea juu ya bei, hakuna aliyejua kilo ni tomani ngapi. Muuza nguo alitaka picha yake akiwa ziarani Karbala ionekane kila ukurasa. Mfumo ukakubali, hata kwenye ukurasa wa nguo za ndani za wanawake akawa amesimama pale mkono kifuani, macho yamelegea kwa unyenyekevu. Muuza birika alitaka muziki. Wateja wake walifungua tovuti ofisini, ikawapigia ngoma mbele ya mabosi. Kila mmoja alianza kwa maneno yale yale: "Ardavan jan, mpenzi wetu, kitu kidogo tu." Fundi wa nyumba ukimwambia akujengee ngazi isiyofika popote, atakukodolea macho kwanza. Mfumo haukodoi. Na mwanangu, Mungu amhifadhi, alikuwa amefanana nao.

Sasa duka letu. Sisi tunauza achari, na achari nyingine kila mtu anazo. Tulichokuwa nacho sisi ni achari ya vitunguu saumu, saumu ya siki ya miaka saba, iliyowekwa na marehemu mama mkwe wangu kwa mikono yake. Mitungi ilikaa chini ya ngazi, gizani. Saumu imekuwa nyeusi kama tende, laini kiasi kwamba unaiponda kwa ulimi. Baada ya kifo chake tulikaa miaka hatukuweka kitu, kwanza kwa huzuni, kisha kwa uvivu uliojifunika shuka la huzuni. Tuliyokuja kuweka baadaye bado changa, inachoma. Na saumu mpya haianzi bila siki kidogo ya mtungi wa zamani. Hiyo ndiyo mbegu. Mitungi ile ikiisha yote, ladha ya nyumba yetu imeisha, hata ukisubiri miaka saba mara saba.

Ardavan alimwonyesha baba yake duka lilipokamilika. Mume wangu Rahmat akavaa miwani.

"Bei iko wapi?"

"Hiyo hapo, Baba, chini ya picha."

"Mteja anaiona kabla hajasema lolote?"

"Ndiyo."

"Kabla hata ya salamu?"

"Baba, ni tovuti."

"Mwanangu, hili si duka. Hiki ni kibanda cha kutozea faini."

Unajua mambo yalivyo. Mteja akiuliza bei, mwenye duka aliyelelewa humjibu: "Haina thamani mbele yako, chukua tu." Mteja aliyelelewa husema haiwezekani. Watavutana hivyo mara mbili tatu, ndipo bei itoke, tena kwa aibu, kama bibi harusi. Rahmat amevuta kamba hiyo miaka yote ya ndoa yetu, na hakuna aliyewahi kumwangusha.

"Huo mfumo wako," akamwambia mtoto, "unapinda au haupindi?"

Hapo alimshika pabaya. Ardavan akajifungia na kompyuta yake, akatoka na kiongezo alichokitengeneza mwenyewe. Ukichagua mtungi, duka linasema: *Haina thamani mbele yako, chukua tu.* Chini yake vitufe viwili. Kimoja, *Haiwezekani, niambie bei.* Kingine, *Haya, asante.* Ukikataa, linakusihi tena. Ukikataa mpaka lichoke, linataja bei na kukuomba radhi.

Rahmat alibusu paji la uso wa mwanawe. Mimi nikanyoosha kidole.

"Na mtu akibonyeza hiki cha pili?"

"Nani, Mama? Wewe utabonyeza?"

"Mimi sibonyezi. Nauliza, akibonyeza."

"Mtu wa kubonyeza hicho hajazaliwa."

"Hajazaliwa Rasht. Duniani kuna wodi nyingi za wazazi."

"Mama, niwe sadaka yako, wacha wasiwasi."

"Basi kitoe."

"Nikimpa mteja kitufe kimoja hilo si swali tena, ni amri."

"Amri kwa mteja?" Rahmat akaruka. "Astaghfirullahi! Acha viwili!"

Nikawaeleza ya Lahijan. Wakacheka wakashikana mabega. "Watu wa Lahijan," Rahmat akasema, "huibiwa hata kivuli, nao humpigia mwizi pasi kabla hajakibeba." Nikarudi jikoni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nilimchelea mwana na baba yake.

Mwanzo mambo yalikwenda kama sherehe. Watu wa mjini walikataa kwa raha zao. Wifi yangu wa Anzali alikataa na kukataa na kukataa. Lile duka lilipomtajia bei alinipigia simu kulalamika kwamba limekata tamaa mapema. Rahmat alitembea sokoni kama mtu aliyeifundisha mashine kusali.

Kisha maombi ya mitungi yakaanza kumiminika, karibu yote kutoka Tehran. Kila ombi lilikuja na alama ya kijani na neno *Imekamilika*. Rahmat alikuwa akiona kijani, anateremka chini ya ngazi, anafunga mtungi kwa nyasi kavu na matambara, anaupeleka posta. Ardavan hakuwa na nafasi ya kuangalia chochote; muuza samaki sasa alitaka samaki wake wapepese macho.

"Rahmat, hela zinaingia?"

"Zinaingia."

"Wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wapi?"

"Ndani, mwanamke, ndani! Wewe ulitaka ziingie na viatu sebuleni?"

Usinilaumu. Kila nikipita kwenye ngazi nilisikia hatua zangu zinalia kwa mwangwi, kama chini pamekuwa tupu. Nilikuwa nainama, nachungulia, narudi kupika huku wezi wa Lahijan wakinisemea asante masikioni.

Asubuhi moja simu ya dukani ikalia nikiwa nimempelekea Rahmat chai. Aliiweka sauti ya nje, maana mikono ilikuwa na siki.

"Mzee Rahmat? Naitwa Bahador, napiga kutoka bweni la wanafunzi Tehran. Baba, tumebandika jina la duka lako ukutani."

"Mkono wako usiumwe, mwanangu. Mmeipenda?"

"Kuipenda! Hapa tulikuwa tunakula wali mkavu. Sasa bweni zima linakuombea dua. Siku hizi nani anagawa bure?"

Mdomo wa Rahmat ulikuwa umeshajibu kabla masikio hayajafika. "Haina thamani mbele yenu..." Akaivuta simu karibu. "Bure gani?"

"Si duka lenyewe limesema? 'Chukua tu.' Sisi tukasema asante." Nikasikia wenzake wanacheka nyuma yake. "Mama yangu alinifunza, ukipewa kitu sema asante."

Alijua, mama mwenzangu. Wote walijua. Hakuna mtoto wa nchi hii asiyejua maana ya chukua tu. Lakini haya hukaa machoni, na skrini haina macho ya kukutazama.

Tulimwita Ardavan. Akafungua kompyuta, akatazama, akawa mweupe kama saumu changa.

"Kitufe cha pili," akasema.

"Ambacho mwenye kukibonyeza hajazaliwa," nikasema.

"Mama, mfumo haukukosea. Umefanya tulichouambia."

"Basi ni kama mgeni mpumbavu. Ukimwambia 'si ulale hapa hapa' kwa adabu, anauliza godoro liko wapi."

"Nakitoa sasa hivi. Na tunaweza kuwaandikia wote, tuseme ilikuwa hitilafu, wairudishe au walipe."

Rahmat alisimama. Sijawahi kumwona mrefu vile.

"Mimi? Niombe nirudishiwe kitu nilichokwisha kumwambia mtu achukue? Watu waseme Rahmat alitoa kwa mdomo, akanyang'anya kwa barua? Nife kwanza."

"Baba, hukutoa wewe, imetoa tovuti!"

"Tovuti ina jina langu juu ya mlango!"

Ndio hivyo. Adabu iliyotupokonya mitungi ndiyo ikatukataza kuidai. Kitufe kilitolewa, vitufe vyote vikatolewa, bei ikawekwa chini ya picha peke yake bila salamu. Wateja wa Rasht wakaanza kuandika maoni kwamba duka la Rahmat limeingiwa na kiburi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Nilishuka chini ya ngazi na taa. Ulikuwa umebaki mtungi mmoja, nyuma kabisa, aliokuwa hajaufikia. Niliukumbatia mpaka siki ikaninukia nguoni. Mmoja unatosha. Mmoja ni mbegu. Nikaubeba mpaka jikoni, nikaufunga taulo, nikaanza kumenya saumu mpya ili tuanze upya siku ile ile.

Mlango ukagongwa. Bi Moluk na mwavuli wake.

"Nasikia mmepatwa, Tuba. Pole, pole sana. Eti watu wamebeba?"

"Tumeshafunga mambo hayo, Bi Moluk. Karibu chai."

"Sikai." Lakini macho yalishakaa, kwenye taulo. "Harufu hii naijua. Hii ya marehemu, siyo? Nami kesho nina wageni, wanakuja kumposa binti yangu. Watu wa Fuman, wanajua chakula. Huu bei gani?"

Aliuliza bei. Angeomba tu, ningesema hapana. Angeuchungulia tu, ningeufunika. Lakini aliuliza bei, kama mteja aliyelelewa, nami ulimi wangu ulilelewa kabla sijazaliwa.

"Bei gani tena, Bi Moluk? Haina thamani mbele yako. Chukua tu."

Nikangoja. Kamba nimeishika upande wangu, nangoja avute.

Nilisema haya hukaa machoni. Bi Moluk alinitazama machoni, sawasawa.

"Haya," akasema. "Asante."

Akaupachika mtungi kwapani na taulo langu lote. Mlangoni akafungua mwavuli, akageuka kwa huruma.

"Si nilikwambia ya Lahijan?"

Nimeandika haya saumu niliyomenya ikiwa bado kwenye beseni, haina siki ya kuanzia. Ya kuepuka ni haya:

Epuka mfumo unaokubali kila kitu ukiwa mikononi mwa kijana asiyejua kumkatalia mtu.

Epuka kitufe ambacho aliyekiweka anaapa kwamba hakuna wa kukibonyeza.

Epuka kuipa mashine maneno ya adabu usiyoyamaanisha. Itayamaanisha.

Epuka kubandika kiongezo cha leo kabla ya kujaribu cha jana.

Epuka kuwapa wifi na mashangazi wajaribu duka jipya. Mpe mroho mmoja, umkalie pembeni.

Epuka alama ya kijani. Uliza nini kimekamilika.

Epuka kufunga mzigo kabla hujaona malipo benki.

Epuka kutia mitungi yote kwenye duka. Wa mbegu usipigwe hata picha.

Epuka kumfungulia mtu mlango huku mtungi uko mezani.