Chumba cha Chiriku

Afisa wa shirika alipokuja kuona walivyoishi, kinyozi alikuwa amejiandaa kwa maneno mazito, lakini hakupata nafasi ya kuyasema. Binti yake alimtangulia.

"Shangazi, karibu. Kaa kitandani, kiti kimevunjika mguu," alisema mtoto kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu. "Halafu usiegemee ukuta. Ukuta wetu unatoka jasho."

Alikuwa na miaka sita, na mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Pumu peke yake ndiyo iliyomnyamazisha. Mvua zikianza, ukuta wa nyuma ulilowa kutoka chini hadi dirishani, ukungu mweusi ukatambaa juu ya rangi, na Chiriku akalala ameketi, mgongo ameuegemeza kifuani kwa mama yake, akivuta pumzi kwa shida kama anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Baba yake alishaupaka ukuta ule rangi mara kadhaa. Ukungu ulirudi tu, kama mpangaji mwenye haki zake.

Shirika lenyewe lilikuwa la hisani. Lilizijengea nyumba familia za kipato kidogo, familia ikalipa polepole bila riba, na juu ya malipo ikatoa jasho: kila mwombaji alifanya kazi kwenye ujenzi, kwanza kwa nyumba za wenzake, kisha kwa yake. Waombaji walikuwa wengi kuliko nyumba, kwa hiyo wenye watoto wadogo wanaokaa mahali pabaya ndio waliotangulizwa. Habari hizo mke wa kinyozi, ambaye kazi yake ilikuwa kufua mashuka hospitalini, alizipata kwa muuguzi mmoja. Yeye ndiye aliyemsukuma mumewe mpaka wakapeleka maombi.

Afisa aliuliza hili na lile: wanapikia wapi, choo wanatumia na nani, kazi ya kunyoa ni ya mwaka mzima au ina misimu. Karibu yote alijibu Chiriku. Alieleza kwamba baba hukoroma, kwamba mwenye nyumba ana kelele lakini hana ubaya, na kwamba yeye akipata chumba chake ataweka kitanda katikati, hata kama kuta ni kavu, maana kuta si za kuaminika. Afisa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiganja.

"Ninyi hamna haja ya kujieleza," alimwambia kinyozi wakati wa kuaga. "Mna wakili."

Baada ya miezi michache wakaitwa. Maombi yamekubaliwa: nyumba ya vyumba viwili vya kulala, safu ya mwisho. Mke alilia huku anacheka. Kinyozi alifunga kibanda chake siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa mgonjwa, akambeba Chiriku mabegani wakaenda kutazama. Palikuwa na msingi tu. Chiriku akaingia chumbani kwake kwa kuruka mahali ambapo pangekuwa ukuta, na fundi mkuu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akamfokea kwa mzaha.

"We binti, mlango uko huku! Watu wenye heshima zao hawapiti ukutani!"

Tangu siku hiyo wakawa marafiki. Kila kinyozi alipokwenda kufanya kazi zake, fundi mkuu, aliyemwita kinyozi Bwana Mkasi kwa ajili ya kazi yake na mikono yake laini, alianza kwa kumtafuta mtoto kwa macho. Tofali zikapanda. Kuta zikafika usawa wa madirisha.

Kisha zikaja mvua.

Ilikuwa asubuhi, mama yuko kazini. Chiriku alianza kubanwa, na safari hii dawa ya kuvuta haikumsaidia. Kinyozi alimfunika kwa koti lake akatoka naye mbio, akipungia kila gari lililopita, na magari yakapita. Alipompata dereva aliyesimama, mtoto alikuwa amelegea. Pale hospitalini wauguzi walimpokea mikononi mwake wakaingia naye ndani. Mmoja wao akateremka chumba cha kufulia kumwita mama, ambaye alipanda ngazi mikono ikichuruzika maji ya sabuni. Hakumkuta hai.

Siku za msiba zilipokwisha, kinyozi alirudi kwenye ujenzi. Kule hakuna aliyejua. Walikuwa watu wa mitaa mingine kabisa.

"Bwana Mkasi! Umetutupa," fundi mkuu alimpigia kelele toka juu ya jukwaa la mbao. "Chiriku wangu hajambo?"

"Hajambo," alisema kinyozi.

Neno lilimtoka lenyewe. Alisimama akiwa na ndoo mkononi, akisubiri ardhi impasukie.

"Mbona hujamleta?"

"Yuko kwa bibi yake. Mvua hizi zinambana."

"Heri akae huko huko," alisema mzee, akaendelea na kazi.

Mwanzoni kinyozi alijiambia kwamba anailinda nyumba. Wakijua hakuna mtoto, nyumba watampa mwombaji mwingine. Lakini moyoni alijua si hivyo. Alianza kwenda hata siku ambazo hakupangiwa. Kibanda kikafungwa, wateja wakahamia kwa mwingine, naye yuko ujenzini anapakia tofali na kutoa habari. Chiriku ameng'oka jino. Chiriku kagombana na jogoo wa bibi yake. Mafundi walicheka, na kwa muda wa kicheko hicho kifua chake kilifunguka. Jioni alirudi kwenye chumba ambamo mke wake alikaa akitazama chini, nguo ndogo zimekunjwa ndani ya mfuko, na jina lile halikutajwa na yeyote kati yao.

Siku moja mke alipata mapumziko kazini, akaenda naye kutoa jasho lake. Alikuwa amebeba karai la mchanga fundi mkuu alipomwona.

"Mama Chiriku! Bibi huyo kang'ang'ania mjukuu mpaka lini? Mwambie rafiki yangu jino likiota aje achague rangi. Chumba chake sikipaki bila amri yake."

Mama alisimama. Alimtazama mzee, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameinama juu ya tofali kama mtu aliyepoteza sindano. Kinyozi alisubiri kilio. Hakikuja.

"Nimekusikia, mzee wangu," alisema mke wake, akapeleka mchanga wake palipotakiwa. Alifanya kazi mpaka mwisho.

Njiani kurudi ndipo aliposema.

"Umemng'oa mwanangu jino."

"Mama Chiriku, wakijua watatunyang'anya nyumba."

"Wadanganye hao. Mimi usinidanganye."

"Kule wananiuliza habari zake," alisema kinyozi. "Mtaani hakuna anayeuliza. Watu wakifika kwangu wanatazama kioo, wananyolewa, wanaondoka. Hata wewe hulitaji jina lake."

"Nikilitaja, nani atanishika? Wewe hushindi nyumbani." Mkewe alimgeukia. "Umemweka kule uwe naye peke yako. Mimi umeniachia kaburi."

Walisimama kando ya barabara, watu wakiwapita.

"Kesho nakwenda kwa yule afisa," alisema mke. "Alikaa kitandani petu akacheka na mwanangu. Siwezi kulala kwenye nyumba ambayo anadhani kampa mtoto."

Walikwenda pamoja, lakini aliyesema ni mke. Kinyozi alitazama magoti yake. Afisa alizunguka meza akaja kukaa kiti cha pembeni yao. Hakuwaficha: uamuzi si wake, ni wa kamati.

Kamati ilikaa. Ile nyumba ya vyumba viwili ingepewa mchukuzi mmoja wa sokoni, aliyekuwa akilala na watoto wake kwenye banda la mabati. Kinyozi na mkewe wangepata nyumba ya chumba kimoja katika safu itakayofuata, na kazi yote waliyokwisha kufanya ingehesabiwa.

"Wachukue zote mbili," alisema kinyozi, akatoka nje bila kuaga.

Hakukanyaga tena ujenzini. Mke alikwenda peke yake kila alipopata mapumziko, na hakumlazimisha. Jioni moja alirudi vidole vimepasuka kwa saruji, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini alikaa karibu naye kuliko alivyokaa kwa muda mrefu.

"Fundi mkuu ameshasikia kwa afisa. Leo ameweka mwiko chini," alisema. "Akaniambia, hebu nieleze yule mtoto toka mwanzo. Nikamweleza. Siku aliyozaliwa, alivyochelewa kutembea akawahi kusema, yote. Mzee analia, mimi nalia, kazi imesimama. Sikujua nilikuwa na maneno mengi hivyo, Baba Chiriku."

Kinyozi alimwonea wivu, kisha akaona haya kwa wivu ule. Zamu iliyofuata alimfuata mkewe bila kuambiwa. Fundi mkuu hakumwita Bwana Mkasi. Alimpa mkono tu, akakawia kuuachia, halafu akampa beleshi na kumwonyesha mtaro wa bomba la maji. Aliyekuwa akichimba naye ni yule mchukuzi, mtu mwenye mabega mapana na mcheshi, ambaye hakuwa ameelezwa lolote.

Walichimba wakizungumza mambo ya juu juu. Kisha mchukuzi, akipangusa jasho, akamuuliza kama mtu yeyote angeuliza, "Una watoto wangapi, ndugu yangu?"

Beleshi likabaki limekita udongoni. Neno lile la uongo lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, limezoea njia. Kinyozi alilimeza.

"Nilikuwa na binti mmoja," alisema. "Amefariki."

Mchukuzi aliweka sululu chini. "Pole sana. Alikuwa anaitwa nani?"

"Tulimwita Chiriku."

Akataka kueleza kwa nini, akafika katikati ya neno, na kilio alichokibana tangu siku ya maziko kikamtoka pale pale ndani ya mtaro, kwa sauti, mchana kweupe. Mchukuzi alimshika bega. Upande wa pili wa uwanja mkewe alimsikia, akatua karai lake, akaja.