Inchi Iliyotolewa Mara Mbili

Futi ya kupimia ya karakana ile ilikuwa na kasoro moja tu, na kasoro yenyewe ilikuwa na umri wa miaka tisa. Inchi ya kwanza ilikatika siku ilipobanwa na mlango, na wenyewe wawili, maseremala Randa na Msasa, hawakuona sababu ya kununua nyingine. Randa alipima kuanzia kwenye namba moja, akataja kwa sauti anachokiona. Msasa, mwenye msumeno, akatoa inchi moja kichwani, akakata. Ukimkuta fundi mwingine anafanya kazi hivyo, mpe pole. Hawa wawili hawakuwahi kukosea.

Lakini hapo walikuwa bado wanaongea.

Msasa alipewa jina hilo kwa sababu ya viganja vyake. Randa alipewa la kwake kwa sababu ya ulimi, maana ulimi wake unateleza, na siku moja uliteleza vibaya. Msasa alikuwa ametengeneza kigoda, akakiweka mlangoni. Akaja mteja mmoja kavaa suti, akataka kukikalia, Randa akamwambia, "Kaa polepole, mkubwa. Hicho kilipigiliwa na mtu mwenye njaa."

Watu wakacheka. Msasa naye akacheka, cheko la meno ya mbele tu, kisha akaenda nyumbani kumwambia mkewe kwamba amevuliwa nguo hadharani. Randa akangoja aambiwe kosa lake, hakuambiwa, naye akanuna kwa sababu amenuniwa.

Wiki tatu wakawa bega kwa bega bila hata salamu. Vipimo vilipita kwenye kipande cha mbao: Randa anaandika kwa penseli, anakisukuma juu ya meza, Msasa anasoma huku kageuza uso kama anayenusa maziwa yaliyolala.

Msasa alishapata chumba cha kwake mtaa wa pili. Alishanunua hata mbao mbili nyeusi, ngumu, unene wa nusu inchi, za kutengenezea meza ya kupokelea wateja. Kilichobaki ni kumwambia Randa kwamba anahama, na tatizo ni kwamba kumwambia kulihitaji kumsemesha.

Kazi ambayo Msasa aliihesabu kuwa ya mwisho pamoja ilikuwa rafu sita za maktaba ya shule, zikae kwenye uwazi kati ya kuta mbili. Ufunguzi ulikuwa kesho yake asubuhi. Vitabu vilikuwa sakafuni, katoni kumi na nane. Saa nane mchana wakabeba rafu ya kwanza, huyu huku na yule kule, wakaiweka juu ya papi, zile fito za mbao zilizopigiliwa ukutani.

Ikacheza kama jino la mtoto.

Wakajaribu ya pili. Vilevile. Mwalimu mkuu, mama mmoja mwenye kalamu sikioni, aliingiza kidole kwenye upenyo kati ya rafu na ukuta.

"Hii ndiyo fasheni mpya, mafundi?"

Kila mmoja akaangalia ukuta wake.

"Naenda kuwaaga wanafunzi," akasema. "Nikirudi, mmoja wenu awe na mdomo. La sivyo namwita fundi mwingine, na nyie mtabeba hizi mbao zenu mpite nazo getini wazazi wakiwaona."

Mlango ukafungwa. Msasa akatoa kile kipande cha mbao mfukoni.

"Umeandika themanini na tatu."

"Nilisoma themanini na nne, nikatoa moja."

"Ukatoa? Tangu lini unatoa wewe?"

"Tangu rafu hizi. Huniongeleshi. Nilisema huyu kwa hasira alizonazo atasahau, ngoja nimsaidie."

Msasa akakaa juu ya katoni. "Na mimi nikatoa."

Wakatazamana. Miaka tisa inchi moja ilitolewa mara moja. Sasa kila mtu katoa ya kwake, kwa wema wake, kimyakimya.

Randa akakuna kichwa. "Kile kigoda, bwana."

"Kigoda gani?"

"Usinifanye mtoto. Nilitaka yule mwenye suti acheke anunue kabati, nikakutumia wewe kama chambo. Haikuwa haki. Nisamehe, ndugu yangu."

"Na mimi ningekwambia palepale," akasema Msasa. "Badala yake nikapeleka mashtaka kwa mke wangu. Masikini, wiki tatu anasikiliza kesi na mshtakiwa hajafika."

Randa akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauangalia ukuta.

"Mbao hairefuki," akasema.

"Hairefuki."

"Ukuta je, haunenepi? Nusu inchi huku, nusu inchi kule."

Msasa alijua palepale ni mbao gani zenye nusu inchi, na zimelala wapi. "Ninazo mbili, nyeusi. Zilikuwa za meza. Ya karakana yangu."

"Yako."

"Yangu. Nilitaka kuhama, lakini sihami tena; sasa ni za ukuta. Twende tukazibebe kabla sijabadili nia."

Wakang'oa papi, wakabandika mbao nyeusi kutoka sakafuni hadi juu, huku na huku, wakarudisha papi. Rafu ya kwanza ikagoma kidogo. "Moja, mbili," akahesabu Randa, wakasukuma pamoja, ikaingia ikatulia. Nyingine tano zikafuata bila ubishi.

Mwalimu mkuu aliporudi jioni alienda moja kwa moja mpaka ukutani. Zile mbao nyeusi zilizizunguka rafu kama fremu ya picha.

"Hizi hazikuwemo kwenye mchoro," akasema, akazipapasa. "Na ndizo nzuri kuliko zote. Nani kawaza?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Zitabeba?"

Wakaketi wote wawili kwenye rafu ya chini, miguu juu, kama wafalme. Haikulia hata kidogo. Mama yule akafungua katoni ya kwanza mwenyewe.

Jumatatu yule mwenye suti alirudi kutaka kabati. Alimkuta Randa mlangoni, kajimwaga juu ya kigoda kwa kilo zake zote tisini.

"Nipo hapa tangu asubuhi, mkubwa," akasema Randa akiinuka. "Karibu ukae. Aliyekitengeneza ni fundi kweli, mimi nilikuwa naropoka."

Mteja akakaa. Kikatulia. Mchana wakaenda kupima chumba chake, Randa na futi ile ile, Msasa na penseli sikioni.

"Sitini na moja," akaita Randa.

"Sitini," akajibu Msasa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.