Kengele ya Mlango wa Mbele

Evert alitangulia, na nyuma yake baiskeli za wageni zikamfuata kama vifaranga vya bata. Msimu mzima alikuwa akiwatembeza watu wa mjini katika vijiji vya Achterhoek, akiwaonyesha mashamba ya mahindi na viazi, kisha akiwapeleka kula chapati za maji. Na msimu mzima alikuwa akiikwepa njia moja, ile inayopita kwa jirani yake Lubbert.

Leo hakuweza kuikwepa. Mti ulikuwa umeanguka ukaziba njia ya msituni.

"Si tupite hapo kushoto?" akauliza Marloes, mama mmoja wa Amsterdam mwenye maneno mengi. "Au ndiko anakoishi mkeo wa zamani?"

"Ni jirani," akasema Evert. "Afadhali angekuwa mke."

Wakacheka, yeye hakucheka.

Kisa kilikuwa lango. Mwaka uliopita wageni wake walilifungua lango la Lubbert wapate kupiga picha ndama, wakaliacha wazi. Ndama mmoja akatoka akagongwa na lori. Lubbert alikuja na hasira, na haki ilikuwa yake. Badala ya kusema pole, Evert aliona aibu mbele ya wageni, akajibu kwamba ng'ombe hao ni wapumbavu kama mwenyewe. Wageni wakaangua kicheko. Lubbert akapanda trekta lake akaenda zake. Watu waliokua pamoja, wakisaidiana kuvuna na kuzalisha ng'ombe, wakawa hawasemezani.

Baridi ilipokwisha Evert alijikaza, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kuomba radhi. Sasa, kwa watu wa huko mlango wa mbele ni wa bibi harusi na wa maiti, na wa mgeni asiyejua. Jirani huzunguka nyuma, akavua viatu vyake vya mbao, akaingia. Hata hodi hapigi. Lakini Evert alijiona hana tena haki ya mlango ule wa nyuma. Akabonyeza kengele ya mbele. Alisikia redio ikizimwa, kisha kimya. Akangoja, akangoja, hakuna aliyefungua. Basi hanitaki, akajiambia, akarudi kwake na koti lake. Hakwenda tena.

Wakapinda kushoto. Nikimwona uani leo, nitashuka, Evert aliwaza. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyabeba tangu siku ile ya kengele.

Nyumba ilipotokeza akafunga breki, nusura Marloes amparamie. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa, na ilikuwa mchana kweupe. Huko kwao hilo halina maana mbili.

"Kuna nini, kiongozi?"

"Kuna msiba. Nisubirini hapa. Na tafadhali, msifungue lango lolote."

Safari hii alizunguka nyuma. Viatu vya mbao vya Lubbert vilikuwa mlangoni, vina matope. Harmina, mkewe, alikuwa jikoni na birika mkononi.

"Umechelewa, shemeji," alisema, wala si kwa ukali. "Amekwenda alfajiri. Moyo. Kaa, kahawa ipo."

Evert akakaa kwenye kiti chake cha zamani. "Nilikuja, Harmina. Baridi ilipokwisha. Nikapiga kengele, hamkunifungulia."

Harmina akaacha kumimina. "Kengele ipi?"

"Ya mbele."

"Ile ilikuwa wewe?" Akaweka birika chini taratibu. "Lubbert alisema ni wale wauza madirisha. Akazima redio tujifanye hatupo. Tangu lini wewe ukapita mbele, Evert? Huu wa nyuma haujafungwa hata siku moja. Kila nikikaanga soseji alikuwa akisema, yule mkaidi atainusa harufu, utamwona anaingia."

"Naye pia angeweza kuja kwangu."

"Angeweza. Wote wawili wapumbavu kama ng'ombe." Akatabasamu, kisha akajifuta macho kwa aproni. "Wewe ndiye jirani wa kwanza, wa kushika shughuli za msiba. Utawapasha watu habari, na utambeba?"

"Bado ni mimi?"

"Hakutaja mwingine."

Wageni hawakula chapati siku ile. Walimfuata nyumba hadi nyumba. Kila aliposhuka akaingia kwa mlango wa nyuma kutoa habari, wao walisimama barabarani, Marloes akimshikia baiskeli.

Siku ya mazishi Evert alikuwa mbele ya wabebaji. Mlango wa mbele uligoma. Mbao zilikuwa zimevimba kwa kukaa miaka bila kufunguliwa, akalazimika kuupiga bega mpaka ukaachia. Hata kama Lubbert angetaka kumfungulia siku ile ya kengele, angehangaika nao. Angemwita kutoka ndani, wewe nani, pita nyuma. Na Evert angejibu, ni mimi.

Akaweka jeneza sawa begani, akatoka nalo.