Majuma Kumi na Moja ya Maji

Mulwa aliingia uani kwangu, hapa Tawa, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, akiwa amevaa suti na viatu vyenye tope la upande wa Kanyangi. Mtu huyu nilimfundisha darasa la saba. Leo ni mwalimu mkuu huko Kanyangi, na mjukuu wangu Mutindi alikuwa amemaliza mwaka wake wa kwanza wa ualimu chini yake, kwa mkataba uliokuwa unakwisha mwezi huo. Ili uongezwe, ilihitajika barua ya Mulwa.

Nilijua kilichomleta. Kila mwalimu huweka daftari liitwalo Rekodi ya Kazi, ambamo huandika kila juma masomo aliyofundisha, na mwisho wa mwaka mwalimu mkuu hulitia sahihi. Muhula wa pili tangi la shule lilikauka. Kila asubuhi watoto wa Gredi ya Sita walitumwa mtoni na mitungi ya lita tano, wakafukue maji mchangani ili jikoni pawe na ya kupikia. Waliporudi, saa nne, kipindi cha hesabu cha saa mbili kilikuwa kimepita. Hali hiyo ilidumu majuma kumi na moja, na katika kila juma Mutindi aliandika kwa wino: "Hesabu haikufundishwa. Wanafunzi walikuwa mtoni."

Mulwa alimtaka atafute daftari jipya na kuliandika lote upya, lionyeshe kwamba hesabu za sehemu na asilimia zilifundishwa zikaisha. Mutindi alikataa mbele ya walimu wenzake.

Mke wangu Syokau alimwandalia mgeni chai. Mutindi aliketi nasi, daftari lake likiwa mezani. Mulwa aliyasifu mahindi yetu, akaisifu mvua, kisha akasema kwamba Mutindi ni mwalimu hodari ila mkaidi.

"Na ukaidi huu hakuuokota Kanyangi, Mwalimu," akaniambia. "Ametoka nao humu nyumbani."

Nilimjibu kwamba sifa hiyo naipokea.

Alijitetea kwa muda mrefu. Bila maji hakuna chakula, na bila chakula watoto hawaji shuleni. Nilimwambia kwamba katika hilo simlaumu hata kidogo. Mimi pia ningewatuma. Lakini kama aliwatuma, anaogopa nini jambo hilo likiandikwa? Akasema afisa wa elimu atauliza kwa nini tangi halikushughulikiwa mapema, na lawama itamwangukia yeye peke yake.

"Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mwalimu mkuu hajibizwi," akaongeza. "Mwambie mtoto wako."

Ni kweli, nilifundisha hivyo miaka thelathini na minne, kiboko mkononi. Hata Mutindi aliponieleza habari hii mara ya kwanza, nilimwamuru atii. Aliniuliza swali moja tu: mwalimu wa Gredi ya Saba akilisoma daftari la uongo, atawaanzishia wapi watoto hao? Tangu hapo sikumwamuru tena.

Sasa nilimwambia Mulwa kwamba mjukuu wangu hataandika upya hata mstari mmoja.

Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, na mwaka wa themanini na nne? Njaa ilipokuja, madarasa yalibaki matupu, na madaftari yote yakajazwa. Sahihi ilikuwa yako, wewe mwalimu mkuu. Nani aliumia?"

Mutindi alinitazama. Jambo hilo sikuwahi kumweleza mtu yeyote wa nyumba hii.

"Mtihani wa mwisho wa mwaka ule," nikamuuliza Mulwa, "hesabu ulifanyaje?"

"Nilianguka. Nikarudia darasa."

"Kwa nini?"

"Sehemu zilinishinda."

Nilisimama, kwa kuwa jambo kama hilo mtu halisemi akiwa ameketi. "Hazikukushinda. Hukufundishwa. Ulikuwa foleni ya mahindi ya njano ya msaada pamoja na mama yako, nami nikathibitisha kwamba ulikuwa darasani. Mwaka uliofuata nikakuchapa kwa uvivu. Umeuliza nani aliumia, Mulwa. Ni wewe. Nilikukosea."

Mulwa akalivuta daftari la Mutindi, akafungua ukurasa wa mwisho, akatoa kalamu mfukoni. Nilidhani amekubali. Aliishika kalamu juu ya nafasi ya sahihi, akairudishia kifuniko.

"Nimebakisha miaka mitano nistaafu," akasema. "Siwezi. Na barua sitaandika."

"Nimesikia, mwalimu," akajibu Mutindi. "Daftari litabaki lilivyo."

Nilimsindikiza Mulwa hadi langoni, kama ipasavyo. Niliporejea, Mutindi alikuwa anaandika kwenye ule ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwalimu hutakiwa kuutathmini mwaka wake. Nilimwamuru asome kwa sauti, naye akasoma:

"Nilifundisha watoto thelathini na wanane. Nilifidia vipindi sita siku za Jumamosi, havikutosha. Wanajua kugawanya, hawajui sehemu. Hawakukosa akili, walikosa mwalimu saa mbili asubuhi. Atakayewapokea aanzie hapo, na asiwachape."

Nilikagua mwandiko. Ulikuwa umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia herufi zake kubwa zimelegea kidogo, kisha nikaenda chumbani, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kunisaliti.

Tai yangu ya kazi imepigwa pasi, na viatu nimevipaka rangi mwenyewe. Jumatatu tutavuka kwenda Kitui, mimi na yeye, tuliweke daftari hilo mezani kwa afisa wa elimu, nafasi ya sahihi ikiwa tupu. Akiuliza mzee huyu ni nani na anatafuta nini ofisini kwake, nitamwambia: mimi ni mwalimu mkuu niliyetia sahihi uongo mwaka wa 1984, nami nimemleta aliyekataa.