Somo la Kubabaika

Watu wa Mradi wa Visomo Saba walipokuja Makunduchi walitukuta tunajua kusoma, na jambo hilo liliwaudhi tangu siku ya kwanza.

Mimi nasomesha Kiingereza katika skuli moja ya huku, na miradi nimeiona ya kila namna. Kila mmoja huja na fulana zake. Huu ulikuja na fulana za rangi ya machungwa na Daktari Abdulrazak, kijana wa Unguja Mjini aliyekwenda ng'ambo akarudi na miwani na neno "kimsingi". Kimsingi, alituambia, kusoma na kuandika ni mambo ya bibi zetu. Mtu wa leo anahitaji kisomo cha fedha, cha mtandao, cha afya, cha habari, cha mazingira, cha hisia na cha picha. Tukasomesha. Kisomo cha mtandao tulikisomesha bila kompyuta hata moja. Watoto walichora vitufe kwenye karatasi za manila wakakaa wanavibonyeza, na Daktari akawapigia makofi. Katika kisomo cha hisia tulitakiwa tuwaulize watoto wanajisikiaje. Wakajibu wana njaa. Jibu hilo halikuwamo kwenye kitabu cha mwongozo, basi tukaendelea na ukurasa wa pili.

Kisomo cha picha peke yake ndicho nilichokipenda, na nakubali kilisomeshwa vizuri. "Picha haitazamwi, inasomwa," Daktari aliwaambia wanafunzi. "Anzeni na mikono. Nani kashika nini? Kisha jiulizeni aliyepiga picha alitaka muamini nini." Saadiya, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa amekaa mstari wa mbele na aliyashika maneno hayo yote. Saadiya ndiye msomaji wangu bora. Vitabu vya maktaba yetu alishavimaliza, na nisipomletea vyengine husoma hata karatasi lililofungiwa maandazi.

Baba yake ni Maalim Kheir, mwenye chuo cha Kurani barazani kwake. Kila alasiri, akitoka skuli, Saadiya humsaidia baba yake kusomesha wadogo. Hukaa kwenye mkeka, kijiti mkononi, akimwonyesha mtoto herufi moja moja kwenye juzuu, na mtoto anamfuatiza. Hapo ndipo Daktari na mpiga picha wake walipopita siku moja. Maalim aliwakaribisha kama anavyomkaribisha kila mtu, akawaangulia madafu. Wakaomba kupiga picha, akawaruhusu. Daktari akamwuliza, "Binti huyu anajifunza kusoma?"

Maalim akajibu, "Ndiyo, bado anajifunza. Mwombeeni."

Sasa niambieni, mzee gani wa Kiunguja mwenye akili zake atajibu vyengine? Utamsifia mwanao mbele ya wageni, wakupigie jicho? Hata mtoto aliyenona tunasema maskini anaumwaumwa. Daktari kazaliwa Mjini, kalelewa na bibi yake Mjini, na maneno ya namna hiyo kayasikia kabla hajaota meno. Lakini alikuwa na visomo saba, na hicho hakikuwamo.

Mwezi uliofuata likasimamishwa bango kubwa karibu na Darajani, mahali ambapo kila mtu wa shamba anayekwenda mjini lazima apite. Saadiya amekaa mkekani, kijiti mkononi, na mtoto mdogo Mwamvua ubavuni pake. Chini yake pameandikwa: "Saadiya ana miaka kumi na sita. Ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Tumpe nafasi."

Picha ilifika Makunduchi kwa simu kabla waliokwenda sokoni hawajarudi. Wanawake wakaanza kuwaondoa watoto wao chuoni. Kama mwanawe mwenyewe hajui, wakasema, wetu watajua nini? Maalim Kheir alikuja kwangu, akanisalimia, akakataa chai. Hakupandisha sauti.

"Bi Radhiya," alisema, "huko skuli ndiko walikotokea watu hawa. Mimi n'na chuo na n'na binti, na vyote viwili vishatiwa aibu. Kama maneno yale hayakufutwa mbele za watu, Saadiya haendi tena skuli."

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Makungu, nikiwa nimewaka. Aliniambia nikae. Alikuwa na habari njema. Wafadhili wenyewe wanakuja, kutakuwa na semina kubwa hotelini Shangani, na skuli yetu itapewa chumba kizima cha kompyuta. Saadiya atasoma mbele yao.

"Vizuri," nikasema. "Atasoma, na watu watajua."

Mwalimu Makungu akatazama dirishani. "Asisome sana," akasema. "Asome kwa kubabaika kidogo. Daktari kaomba. Wakimwona anasoma kama maji, watauliza sisi mradi tulikuwa tunaufanyia nini. Wewe ndiye mwalimu wake. Msomeshe namna ya kubabaika."

Nimesomesha watoto kwa miaka mingi, na sijawahi kutukanwa kwa lugha laini kiasi kile. Nilimwambia atafute mwalimu mwengine wa somo hilo. Akalisomesha mwenyewe. Saadiya alikuja kuniuliza, uso mkavu, "Mwalimu, Mwalimu Mkuu kasema nikwame kwenye maneno marefu. Marefu kuanzia wapi?" Nikamwambia asome kama alivyojaaliwa, na mengine aniachie. Kusema kweli niliogopa. Kompyuta nilikuwa nazitaka na mimi.

Siku ya semina tulikwenda kwa gari ya skuli: mimi, Mwalimu Makungu, Saadiya na baba yake aliyevaa kanzu ya Idi. Ukumbini mlikuwa na ubaridi wa kuumiza meno, sambusa ndogo ndogo za kutia aibu, na fulana za machungwa kila kiti. Mabibi wawili wafadhili walikaa mbele na tabasamu ambazo hawakuzishusha asubuhi nzima. Na bango lilikuwa pale pale jukwaani, limetengenezwa jengine dogo, Saadiya na kijiti chake. Maalim Kheir alikaa akalipa bango mgongo.

Daktari alizungumza mpaka chai ikapoa. Kisha akamwita Saadiya, akampa karatasi.

Saadiya hakuisoma karatasi. Aliligeukia bango akalisoma maandishi yake kwa sauti, bila kukwama, akaendelea na yale madogo ya Kiingereza ya chini kabisa, mpaka jina la aliyelichapisha. Mwalimu Makungu alifumba macho.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Sikuwa nikimjua Daktari Abdulrazak. Alipiga makofi kuliko watu wote.

"Mnaona?" akasema. "Miezi mitatu tu ya mradi."

Ukumbi mzima ukamfuata kwa makofi. Mtu wa aina hiyo ukimpiga kofi atakushukuru kwa kumfukuzia nzi.

Saadiya alingoja makofi yaishe. "Daktari," akasema, "nnaomba niisome na picha, kama ulivyotusomesha. Ulisema tuanze na mikono. Kijiti ki mkononi mwangu. Anayefuatiza ni huyu mdogo, Mwamvua. Anayejifunza ni yeye. Mimi nnamsomesha."

Watu waliinua vichwa wakatazama. Wataalamu wa kisomo cha picha walikuwa wamelikodolea bango lile wiki nyingi, na hakuna hata mmoja aliyeuona mkono.

Daktari alicheka kidogo. "Lakini kimsingi ni baba yake mwenyewe aliyetuambia kwamba bado anajifunza. Mzee si yule pale?"

Wote wakageuka. Maalim Kheir alisimama pole pole. Mimi niliyemjua tangu udogo wangu nilitamani ardhi inifunike kwa niaba yake.

"Nlisema," akajibu. "Ni mwanangu. Mtu hamsifii mwanawe mbele ya wageni. Nlidhani nnazungumza na mtoto wa hapa, atanielewa." Akanyamaza. Nilidhani atakaa. "Anajua," akasema. "Kakhitimu Kurani akiwa na miaka tisa. Nlimsomesha mimi. Mashaallah. Msinirejeshe kulisema tena."

Bibi mmoja mfadhili aliinama akauliza mzee kasema nini. Daktari alimgeukia, sauti laini kama mafuta, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anawashukuru sana kwa kumwokoa binti yake.

"Hakusema hivyo," Saadiya akasema, kwa Kiingereza hicho hicho. Kisha akayatafsiri maneno ya baba yake, neno kwa neno, hata kunyamaza kwake. Kiingereza chake kilikuwa safi, na mimi ndiye niliyekisomesha. Siombi radhi kwa kulisema hilo, mimi si mzazi wake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, zile tabasamu mbili zilishuka. Wiki haikwisha, bango la Darajani likateremshwa, na wanawake wakawarudisha watoto chuoni mmoja mmoja, kila mmoja akidai mwanawe alikuwa na homa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile tulitoka nje kwenye jua, Mwalimu Makungu akatangulia garini peke yake. Maalim Kheir alitembea mpaka pembe ya uchochoro, ndipo akamwuliza binti yake, "Ulisema nini kule kwa Kizungu?"

"Nlirejea maneno yako tu, baba."

"Yote?"

"Yote."

"Hata lile la kuwa unajua?"

"Hata lile."

Alishika kichwa kama mtu aliyekumbuka kwamba kaacha moto jikoni, akaanza kusoma dua chini chini, za kumkinga na jicho la mabibi wa watu. Alipomaliza alinitazama mimi. "Jumatatu atakuja skuli," akasema. Nikaharakisha kwenda garini, kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na mimi si mtu wa kulia njiani.

Kompyuta hatukupata. Zilipelekwa skuli nyengine, kaskazini huko. Nasikia wamempata mtoto anayebabaika vizuri sana.