Kichupa cha Zebaki

Moto ndiyo kwanza ulikuwa umeshika nyasi za juu ya vyungu nilivyokuwa nachoma pale Lazaro alipotoka mbio ndani ya nyumba yangu, macho yamemtoka.

"Mama, kile chungu chenye mdomo mwembamba, cha nyuma ya mlango, kiko wapi?"

"Kiko motoni na wenzake. Ulitaka nikichome Krismasi?"

Huyo ni mkwe wangu, mchimba dhahabu. Alikuja kumchukua binti yangu Asifiwe, aliyerudi kwangu kujifungua. Jana yake alituonyesha kichupa cha zebaki, ile wanayokamatia dhahabu. Aliimimina kiganjani ikakimbia huku na huku kama umande juu ya jani la gimbi. Nilipomkemea alicheka, akasema haina neno. Kumbe alienda kukificha chunguni, akijua vyungu vibichi kwangu haviguswi na mtu hata kimoja.

"Si ulisema haina neno?"

"Ikiwa baridi, mama! Ikipata moto inageuka hewa. Huioni, huinusi, inaingia kifuani na kupanda kichwani. Kwa mtoto mchanga ndiyo kabisa!"

Upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka moshi barazani, na Asifiwe alikuwa amekaa hapo hapo akinyonyesha.

"Gwe Asifiwe! Toka hapo! Kimbilia ziwani!"

Alikimbia, mtoto kamfunika kanga. Nilichukua fimbo yangu ndefu ya kuopolea vyungu, nikalipa ziwa mgongo, nikabana pumzi. Fimbo iliteleza, vyungu viwili vikapasuka. Vipasuke! Nilijaribu tena, ikanasa mdomoni, nikakiburuta chungu hadi mchangani. Lazaro akakivunja kwa jiwe. Kichupa kilikuwa cha moto, lakini kizibo kipo na zebaki iko vilevile.

Nilikaa chini nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha hasira zikanipanda.

"Hayo ya hewa nani alikufundisha?"

"Mwenzetu mmoja alikufa, mama. Alikuwa anachomea dhahabu yake ndani, kuitoa zebaki."

"Na wewe unachomea wapi?"

Alitazama mchanga.

"Chumbani. Nje wanapora."

Chumba chao kule machimboni ni kimoja. Asifiwe alikuwa amesimama majini, maji yanamfika magotini.

"Nilikuwa nalala humo," alisema. "Na huyu akiwa tumboni."