Mkanda wa Msumarini

Pale maabara walimwita Bwana Ngazi, maana hakuwa na neno jingine kinywani. Kazi yake ilikuwa nyaya nyembamba kuliko unywele mara elfu. Kila mgeni aliambiwa yale yale: humo elektroni hazipiti ovyo, hupita kama mawimbi katika vichochoro vya kuhesabika, na kila kichochoro kipya kikifunguka, umeme hupanda kidato kimoja, kama mtu apandaye ngazi. Mama wa usafi, mjane aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameyasikia hayo mpaka angeweza kuyasimulia huku anadeki.

Mwezi ule nyaya tatu ziliungua, na Bwana Ngazi akapata mchawi wake. Alimwandikia mkuu wa maabara kwamba mwanamke wa ufagio anagusagusa vifaa, aondolewe kazini. Mjane alikuwa na binti chuoni na hakuwa na kazi nyingine. Alisali, akafunga kilemba vizuri, akaenda kuitikia wito wa mkuu.

Alimkuta Bwana Ngazi ndani ya sweta lake la sufu, lile linalotoa cheche akilivua, anaeleza kwamba umeme kidogo tu wa kidoleni unatosha kuunguza waya, na kwamba watu wa ndoo hawawezi kuyajua hayo.

"Mama, una neno?" mkuu akauliza.

"Ninalo, mzee. Daktari huyu mwenyewe alinikataza kuvuka mstari wa njano uliozungushiwa vifaa vyake. Miaka miwili sijauvuka, hata kwa kitambaa. Ule mkanda wa kuvaa mkononi, unaopeleka umeme wa mwilini ardhini, unaning'inia msumarini ng'ambo ya mstari. Nendeni mkauguse."

Wakaenda. Mkuu akaupitishia kidole, kikatoka cha kijivu. Buibui alikuwa ameshaushona na ukuta.

"Huo ni wa wanafunzi," Bwana Ngazi akasema. "Mimi nina uzoefu."

Mjane alimtazama kwa utulivu. Mungu amsamehe, alimdharau kuanzia utosini hadi viatuni: anazijua njia za kitu kisichoonekana, na mkono wake mwenyewe umemshinda.

Mkuu akaichana barua. Kesho yake Bwana Ngazi alivaa mkanda, na umeme ukapanda kidato, kidato, kidato. Akawaita wageni, akawaambia ameboresha mbinu.

Mjane alikuwa anafagia nyuma yao. Hakusalimiwa, wala hakungoja salamu. Alifika kwenye mstari wa njano, akageuza ufagio.